Baada ya shikamoo, mwanafunzi aseme nini?

Kila mwaka, wanafunzi wa tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, wanapoletwa kwenye kitengo chetu kwa ajili ya fildi, huwa natambua mapema kabisa nani kati yao anawaogopa wateja, kama tunavyowaita wagonjwa wetu. Si yule anayetetemeka sauti, maana huyo mara nyingi ananiogopa mimi. Anayewaogopa wateja ni yule anayelikumbatia faili kifuani, akasimama miguuni pa kitanda badala ya ubavuni, akatoa shikamoo safi kabisa na kuitikiwa marahaba, kisha akaanza kumsoma mgonjwa kutoka kwenye karatasi ilhali mgonjwa mwenyewe yupo mbele yake, anamtazama, na anasubiri kuulizwa jambo.

Mwanafunzi huyo si mjinga. Atakueleza bila kusita kwa nini mtu aliyepata kiharusi katika upande wa kulia wa ubongo anaweza kuusahau upande wa kushoto wa mwili na wa dunia, hata akaacha nusu ya ubwabwa kwenye sahani akidhani amemaliza. Lakini mwombe akae na mtu huyo kwa robo saa, wazungumze, na utamwona anaishiwa maneno mara baada ya kuuliza jina, umri na mahali anapoishi, mambo ambayo yote yameandikwa kwenye faili alilolikumbatia.

Nasema haya bila kejeli, kwa kuwa nami nilikuwa hivyo. Katika fildi yangu ya kwanza nilipangiwa mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea. Nilikuwa na fomu ya tathmini, na fomu ilitaka nijue kama anaoga, anavaa na kwenda chooni bila msaada. Nikaanza juu kwenda chini kama nilivyofundishwa. Pembeni walikuwa wameketi mwanawe na mke wa mwanawe. Nilipofika kwenye swali la choo nikaliuliza vilevile, kwa sauti ya kusikika, mbele ya mkwe wake. Mzee hakunijibu. Aligeukia ukutani, akajifunika shuka mpaka shingoni. Msimamizi wangu wa wakati huo, ambaye alikuwa akipita, alinikaripia palepale, kwa Kiingereza, akidhani pengine kwamba wodi nzima haielewi, ingawa kukaripiwa hakuhitaji mkalimani. Kwa muda wa wiki tatu zilizofuata nilijificha kwenye chumba cha vifaa nikitengeneza splinti za plasta, yaani vifaa vya kushikilia kiungo kilichodhoofika. Zilikuwa splinti nzuri, na nilisifiwa kwazo.

Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka mwanafunzi awe amefanya mazoezi ya kazi kwa saa zisizopungua 1,000 kabla ya kuhitimu. Ni saa nyingi. Hata hivyo, mimi ni shahidi kwamba mtu anaweza kuzitumia sehemu kubwa ya saa hizo kwenye plasta, kwenye mafaili na nyuma ya mgongo wa msimamizi, akahitimu akiwa bado hajawahi kukaa na mgonjwa mmoja aliyekasirika.

Jambo linalonishangaza katika taaluma yetu ni hili. Kazi yetu nzima ni kupanga shughuli kwa ngazi. Mtu ambaye mkono wake umedhoofika hatumpi kikombe cha uji wa moto siku ya kwanza. Tunaanza na kikombe kitupu, kiwiko kikiwa kimelazwa mezani, kisha tunaweka maji kidogo, kisha tunaondoa meza, na uji tunaufikia siku mkono wenyewe unapoonyesha kwamba uko tayari. Jean Ayres, Mmarekani aliyechunguza namna ubongo wa mtoto unavyopanga taarifa za milango ya fahamu, aliweka mkazo kwenye changamoto inayomtosha mtoto, isiyo nyepesi hata ikamchosha wala nzito hata ikamvunja moyo. Haya tunayajua, tunayafundisha na tunayatungia mitihani. Kisha mwanafunzi anakuja Jumatatu asubuhi, tunamkabidhi faili na kumwambia, "Nenda kitanda cha sita ukafanye tathmini." Huo ndio uji wa moto.

Kwa hiyo nilianza, miaka kadhaa iliyopita, kumpangia mwanafunzi ngazi kama ninavyompangia mteja. Siku ya kwanza faili linabaki mezani kwangu. Mwanafunzi anakwenda kukaa na mteja mmoja na kufanya naye jambo la mikono kwa muda wa dakika ishirini, bila tathmini yoyote: kuchambua mchele, kukunja kanga, kusuka ukili ikiwa mteja anajua na mwanafunzi hajui, au kucheza bao. Bao ni zuri hasa, kwa sababu wazee wengi watamfunga mwanafunzi huyo bila huruma, na mtu aliyekuwa amelazwa akifanyiwa kila kitu anageuka kuwa mwalimu. Mikono ikiwa na kazi, ukimya hauogopeshi. Macho yana pa kutua, na maneno huja yenyewe. Akirudi ninamtaka aniambie jambo moja tu kuhusu mteja huyo ambalo halimo kwenye faili. Mmoja alirudi akaniambia, "Mwalimu, kumbe bibi yule alikuwa mpishi wa harusi, na anasema wali wa hapa hospitalini ni dhambi." Kwangu hiyo ilikuwa tathmini bora kuliko kurasa nne, kwa sababu ilitupa lengo la matibabu ambalo hakuna fomu ingelitaja.

Ngazi inayofuata ni kunitazama, lakini si kunitazama kwa kusimama tu kama mlinzi wa benki. Ninampa kazi: ahesabu ni mara ngapi nilinyamaza baada ya mteja kuzungumza, au aandike neno kwa neno namna nilivyofungua mazungumzo na namna nilivyoyafunga. Wengi hugundua kwamba mimi huongea kidogo kuliko walivyotarajia, na wengine hugundua, kwa furaha isiyofichika, kwamba nilimkatiza mteja mara mbili. Ninawaruhusu waniambie. Baada ya hapo mwanafunzi anapewa kipande kimoja cha kikao, ama kufungua ama kufunga, na sehemu iliyobaki ni yangu.

Kisha huja ngazi ninayoipenda kuliko zote. Nina wateja wa muda mrefu wanaokuja kliniki kwa miezi, wengine kwa miaka, na baadhi yao nimewaomba wanisaidie kufundisha. Humwambia mmoja wao, "Mzee, nakuletea kijana wangu, naomba unifundishie," na tangu hapo mgongo wake unanyooka kitini bila mazoezi yoyote. Hawa ni wakali kuliko mimi, ila ukali wao haujeruhi. Mmoja alimwambia mwanafunzi, "Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo, mjukuu wangu, nikujibu lipi?" Mwanafunzi huyo hakurudia kosa hilo tena mbele yangu, na sidhani kama angelisikia vilevile kama ningelisema mimi.

Ni baada ya hapo tu ndipo anapopewa mteja mpya wa kwake mwenyewe, na mwishoni kabisa wale wateja wagumu: aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, aliyekasirika kwa sababu mguu umekatwa, mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye ameshaambiwa na watu watano mambo matano tofauti.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo hutokana na mambo manne: kulifanya na kufanikiwa, kumwona mwingine akilifanya, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na hali ya mwili wako mwenyewe wakati huo, kama vile moyo kwenda mbio. Kati ya hayo, la kwanza ndilo lenye nguvu zaidi. Sisi wasimamizi, kwa sababu ya uvivu au ya wingi wa kazi, tumeliegemea la tatu. "Jiamini!" tunasema, kana kwamba kujiamini ni swichi. Sijawahi kumwambia mteja "shika kikombe kwa kujiamini" nikaona mkono umepata nguvu.

Sasa nirudi kwenye swali la choo, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapovunjikia, na sioni kama linazungumzwa vya kutosha. Taaluma yetu inaingia mahali ambapo hata watoto wa mgonjwa hawaingii. Tunauliza kuhusu kuoga, kuvaa nguo za ndani, haja kubwa na ndogo, na anayeuliza ni kijana wa miaka ishirini na miwili anayemwamkia shikamoo mtu wa miaka sabini. Mwanafunzi amelelewa asimtazame mtu mzima machoni kwa muda mrefu, na sasa anatakiwa amwambie avue shati ili aone anavyolivua. Kusema kwamba hiyo ni "kazi tu" ni kumdanganya. Heshima aliyokuja nayo kutoka nyumbani si kikwazo cha kuondolewa. Ni chombo, ila hajaonyeshwa namna ya kukitumia.

Ninachowafundisha kwanza ni kutazama nani yupo pale kando ya kitanda. Mkwe akiwepo, maswali ya stara yanangoja. Pili ni kuomba ruhusa kabla ya kuingia: "Babu, kuna mambo ya ndani ambayo kazi yangu inanilazimu niyaulize. Tuyazungumze sasa, au tungoje wageni waondoke?" Sentensi hiyo ni fupi, lakini inamrudishia mzee mlango wa nyumba yake ili aufungue mwenyewe. Tatu ni maneno. Hapa pwani mtu akisema "kujisaidia" au "kwenda msalani" anaeleweka vizuri na hajamvua mtu nguo. Maneno hayo lazima mdomo uwe umeyatamka kabla. Nimewakuta wanafunzi wanaoyajua maneno yote lakini hawajawahi kuyasema kwa sauti hata mara moja, na siku ya siku yanawakwama kooni. Basi tunafanya igizo jioni wodi ikitulia, wanaulizana wao kwa wao, wanacheka mpaka machozi, wanarudia tena, na kufikia mara ya nane kicheko kimekwisha.

Igizo hilo si ubunifu wangu. Daktari Howard Barrows alianza kutumia watu waliofundishwa kuigiza ugonjwa huko Los Angeles mwaka 1963, na njia hiyo imeenea vyuo vingi duniani. Sisi hatuna fedha za kuwalipa waigizaji. Tunaye mhudumu wa usafi wa wodi ambaye amewaona wagonjwa kwa miaka mingi na anaigiza mzee mkaidi kwa ustadi ambao ungempatia riziki mahali pengine.

Kwa wateja Waislamu kuna mlango mwingine ambao nilionyeshwa na mteja mwenyewe, na tangu hapo naupitisha kwa kila mwanafunzi. Badala ya kuanza na choo na bafu, muulize kuhusu ibada: "Siku hizi unaswali vipi, Mzee?" Mtu ataanza kueleza, mara nyingi kwa uchungu, kwamba anaswali akiwa kitini kwa sababu hawezi kuinuka kutoka chini, kwamba kutawadha anatawadhishwa na mjukuu kwa sababu hafikii miguu, kwamba wakati mwingine udhu unamvunjikia kabla hajafika kwenye mkeka kwa kuwa mkojo haumsubiri. Katika dakika chache, bila kuulizwa swali hata moja la aibu, amekueleza habari za mizani ya mwili wake, bega lake, vidole vyake na kibofu chake, na amekwambia pia kwa nini anataka kupona. Mwanafunzi anayeusikia mfululizo huo kwa mara ya kwanza hubaki kimya, akijitahidi kukumbuka yote ayaandike baadaye, na hapo huusahau woga wake kwa sababu ana jambo la kufikiria lililo kubwa kuliko yeye.

Woga una uso mwingine unaofanana na ukarimu. Mteja anajaribu kufunga kifungo, kidole hakitii, machozi yanamlengalenga, na mwanafunzi anasema haraka, "Pole, bibi, pole sana, utapona tu." Pole ni neno zuri na lugha yetu ina bahati kuwa nalo. Lakini ile "utapona tu" huitoa mwanafunzi kwa ajili ya kujiokoa yeye mwenyewe kutoka kwenye ukimya. Mteja anajua kwamba msichana huyu hana mamlaka ya kuahidi hivyo. Akiahidiwa uongo mdogo leo, kesho atautilia shaka hata ukweli. Ninawaambia wanafunzi waseme pole kisha wanyamaze, wahesabu mpaka kumi kimoyomoyo, na wasubiri. Mara nyingi mteja ndiye anayeendelea, na anachokisema baada ya sekunde kumi hizo ndicho kiini cha habari. Kwa mtu aliyepoteza usemi, kumi haitoshi. Na kupaza sauti hakusaidii, kwa kuwa masikio yake hayana kosa.

Renée Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu uhusiano kati ya mtaalamu na mteja, ametaja njia sita za kuhusiana: kutetea, kushirikiana, kuingia katika hisia za mtu, kutia moyo, kuelekeza, na kutatua tatizo. Wanafunzi huikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani, kisha wodini hutumia moja tu, kuelekeza: inua, shusha, kunja, tena. Mimi sina haja ya orodha yote. Jambo lake lililonigusa zaidi ni lile la mpasuko, pale mtaalamu anaposema au kutenda jambo linalomuumiza mteja bila kukusudia. Taylor anayahesabu matukio ya namna hiyo kuwa hayaepukiki, na kazi inayobaki ni kuyatambua na kuyatengeneza.

Laiti msimamizi wangu wa zamani angelijua hilo. Sikuhitaji kutetewa, maana kosa lilikuwa langu. Nilihitaji mtu wa kuniita pembeni, anieleze nini kimetokea, kisha anirudishe kitandani kesho yake asubuhi niseme, "Mzee, jana nilikukosea mbele ya watu wako, naomba uniwie radhi." Nilikuja kupata ujasiri huo baada ya wiki tatu, nikaenda, nikakuta kitanda kimetandikwa shuka mpya. Alikuwa ameruhusiwa. Ndiyo maana kwenye kitengo chetu kuna sheria moja nisiyoilegeza: mwanafunzi hasahihishwi mbele ya mteja, isipokuwa pale usalama wa mteja unapokuwa hatarini, na aliyekosea hatumhamishii kitanda kingine. Anarudi palepale. Wazee wetu, ukiwaomba radhi kwa adabu, ni wepesi wa kusamehe kupita kiasi, na mwanafunzi aliyewahi kusamehewa na mteja hana tena haja ya kulikumbatia faili.

Ipo pia habari ya zawadi, niipitie tu kwa haraka. Mteja atatoa noti, atasema "ya soda, mwanangu," au familia italeta kuku wa miguu miwili akiwa hai. Fedha tunazirudisha kwa mikono miwili na shukrani nyingi. Kuku bado tunabishana.

Ili kujua kama ngazi inapanda kweli, natumia chombo tunachowatumia wateja. Wakanada walitoa mwaka 1991 kipimo ambacho mteja mwenyewe hutaja shughuli zilizo muhimu kwake na kujipa alama kutoka 1 hadi 10, namna anavyozifanya na namna anavyoridhika. Kwa wateja wasiopenda namba naweka punje kumi za maharage mezani na kuwaomba wasogeze zinazostahili. Nilianza kuwawekea wanafunzi punje hizohizo kila Ijumaa: kumfungulia mazungumzo mtu usiyemjua, kuuliza mambo ya stara, kukaa na mtu anayelia, kumwomba binti wa mgonjwa aache kumlisha mama yake ili mama ashike kijiko. Hilo la mwisho hupata punje chache kuliko yote, nami naelewa, kwa sababu kumlisha mgonjwa ndiyo namna ya binti huyo ya kumpenda, na kumwondolea kijiko bila kumwondolea upendo kunataka maneno yaliyopimwa. Mwanafunzi anayesogeza punje mbili wiki ya kwanza hanitii wasiwasi. Ninayemfuatilia kwa karibu ni yule anayesogeza tisa.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi kwenye kona ya chumba cha mazoezi, nikijifanya naandika. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa na punje mbili alipofika, alikuwa na bibi ambaye tumemwekea mbuzi ya kukunia nazi. Bibi alikuwa ameikalia kwa shida, mkono wake wa kushoto ukiishikilia nusu ya nazi na wa kulia ukiizungusha. Machicha yalikuwa yanaanguka kidogokidogo. Ghafla bibi akaacha kukuna, akauliza bila kuinua uso, "Mkono huu utarudi kama zamani?"

Nilidhani msichana atanigeukia. Hakugeuka. Alinyamaza kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa bado kwenye ukingo wa sinia, kisha akasema, "Bibi, hilo silijui. Ninalolijua ni kwamba wiki iliyopita ulikuwa huwezi kuishika nazi hii, ilikuwa inadondoka."

Bibi aliitazama nazi, akaigeuza kidogo. "Haya," akasema, "sogeza sinia basi, machicha yanamwagika."